Usiitoe fildi ya `rudiaNywila` kwenye `transients`, ile orodha ya fildi zisizohifadhiwa kwenye hifadhidata!

Kama umeitoa, irudishe. Sasa hivi, mkuu. Unasema tangu upandishe Grails, zana yako ya kujengea programu za wavuti, kutoka 1.3.7 hadi 2.2, `rudiaNywila` (pale mtu anaporudia nywila yake kwenye fomu) inafika null, yaani tupu, hata mtu akiijaza, na umeambiwa ukiifuta fildi kwenye `transients` itajaa. Itajaa kweli. Hata kwangu ilijaa.

Ulikuwa mfumo wa wanachama wa chama cha akiba na mikopo. Mtaalamu tuliyemlipa atuongoze alisema, "Futa tu hapo." Nikafuta, jioni hiyohiyo tukaweka kwenye seva. Hakuniambia kwamba orodha ile ndiyo inayoizuia Hibernate, sehemu ya Grails inayoandika kwenye hifadhidata, isihifadhi fildi, na hilo ndilo tulilomlipia alijue! Tulikuwa tumeacha `dbCreate = "update"`, mpangilio unaoiruhusu Hibernate kurekebisha majedwali yenyewe, basi ikaongeza kolamu `rudia_nywila` kimyakimya kwenye MySQL, hifadhidata yetu, ikawa inaandika nywila za watu kama walivyozichapa, jirani na kolamu tuliyoipitisha kwenye bcrypt ili nywila zisisomeke. Wiki tatu. Kila usiku bakapu inazibeba.

Niligundua nikitafuta jambo lingine kabisa. Nilikuta nywila ya mama mmoja ni namba yake ya simu, nikahisi baridi mwili mzima. Ilibidi tubadilishe nywila zote, tuwapigie wanachama mmoja mmoja kuwaeleza, tufute bakapu zote za siku zile. Yule bwana hakupokea simu hata moja. Mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira.

Halafu nilipoirudisha fildi kwenye `transients`, kolamu haikuondoka, maana `update` huongeza tu, haifuti. Kolamu ni NOT NULL, yaani haikubali kuachwa tupu, na hakuna anayeijaza tena, usajili wote mpya ukakwama hadi nilipoiondoa kwa mkono kwa `ALTER TABLE`.

Dawa ni mstari mmoja. Grails 2 imeacha kujaza fildi za `transients` kutoka kwenye fomu kwa makusudi, mtu asipenyeze thamani usiyoitarajia. Ukitaka ijazwe, iseme kwenye `static constraints`, sehemu ya masharti ya fildi: `rudiaNywila bindable: true`. Iandike kwa aina yake, `String`, si `def` isiyotaja aina, na IBAKI kwenye `transients`.

Kama ulishaifuta na kuwasha programu hata mara moja, ingia MySQL, piga `DESCRIBE`, amri ya kuorodhesha kolamu, kwenye jedwali la watumiaji, uniambie umeona kolamu gani. Nipo macho, nasubiri.