Jibu: Kipozeo cha hewa kwa prosesa ya i7-8700K iliyoongezwa kasi

Ndugu, umeuliza kama kipozeo cha Noctua NH-D15 kitaimudu prosesa yako ya Intel, Core i7-8700K, uliyoipandisha hadi gigahezi 4.9, au kama huna budi kununua cha maji. Kwa maoni yangu kitaimudu, mradi tu uidhibiti volteji, kwa sababu joto huongezeka kwa uwiano na kasi, ilhali kwa volteji huongezeka kwa kipeo chake cha pili: ukitoka volti 1.20 hadi 1.35, utakuwa umeongeza takriban asilimia 27 kabla hata ya kuihesabu kasi yenyewe.

Pima kasha la kompyuta yako kwanza. Kipozeo hiki kina kimo cha milimita 165, na feni yake ya mbele hukaa juu ya vijiti vya RAM (kumbukumbu ya kompyuta). Vijiti vikizidi kimo cha milimita 32 itabidi uipandishe feni hiyo, na hapo kifuniko cha kasha huenda kisifunge (mimi niliyagundua haya bisibisi ikiwa tayari mkononi). Pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo, tone la ukubwa wa njegere katikati ya prosesa latosha. Kisha ipe prosesa mzigo mzito kwa nusu saa. Ikifika nyuzi 100 itajipunguzia kasi, ndiyo maana mimi siiachi ipite nyuzi 85.