Mombasa ni nafuu kwa mshahara wa wapi?

Swali la wiki hii la gazeti hili liliuliza: "Kijana aliyeajiriwa Nairobi ahamie mji wa joto wenye gharama nafuu, au abaki jijini kazi iliko?" Mimi ni mhasibu. Nilikuwa nikiishi Roysambu, Nairobi, na sasa naishi Bamburi, Mombasa. Jibu langu ni ahame, ila aje na kazi yake mkononi. Asije kuitafuta huku.

Sharti hilo nalitanguliza kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Mombasa inakula kwa bandari, hoteli na biashara ndogondogo. Watalii wakijaa hoteli huajiri, na mvua za masika zikianza hupunguza wafanyakazi. Nimekutana na vijana wa hapa wenye shahada kama yangu wanaofanya vibarua vya kuandika stakabadhi za mizigo kwa pesa ambazo Nairobi nisingezikubali. Ukimuuliza mmoja wao kama Mombasa ni nafuu, atakushangaa. Mimi mwajiri wangu yuko Westlands, Nairobi, mshahara ni uleule, na makato hayajali ninakoishi: bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, tozo ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, mahali popote Kenya. Kilichobadilika ni kinachobaki baada ya hapo. Kwa hiyo kabla ya kufunga virago, pata ruhusa ya kufanya kazi ukiwa mbali, na uipate kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya meneja huondoka na meneja huyo.

Intaneti isikutie hofu. Nyaya za chini ya bahari zinazoiunganisha Kenya na dunia zinatua hapahapa Mombasa. Mbili kati yake, SEACOM na TEAMS, zilianza kazi mwaka 2009. Stima ikipotea, na hupotea, uwe na bando kwenye simu na betri iliyojaa. Nikihitajika ofisini napanda treni kutoka Miritini, stesheni ya Mombasa, hadi Syokimau, stesheni ya Nairobi. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu bei zilipopandishwa Januari 2024, na ukipata treni ya moja kwa moja ni mwendo wa kama saa tano hivi. Stesheni ya huku iko mbali na mjini, kwa hiyo weka na pesa ya kutoka Bamburi hadi Miritini. Wengi huisahau.

Sasa kodi ya nyumba. Pesa niliyokuwa nikilipia bedsita Nairobi inanipa hapa chumba cha kulala, sebule, jiko na kibaraza kinachopokea upepo. Hilo ni kweli na ndilo linalowavuta vijana. Lakini usipige hesabu ya nyumba Mombasa kwa kodi peke yake. Uliza maji kwanza.

Mji huu uko baharini na una kiu. Maji yake mengi hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, kwa bomba lililolazwa miaka ya 1950, na visima vya Baricho karibu na mto Sabaki. Wenye mji wameongezeka mno tangu bomba hilo lilazwe. Bwawa la Mwache linajengwa Kwale ili kupunguza shida hiyo, lakini mpangaji anahitaji kuoga leo. Katika mitaa mingi mfereji hutoa maji kwa zamu, na siku nyingine zamu inapita. Waliobaki hutegemea kisima cha ploti, ambacho maji yake aghalabu ni ya chumvi: sabuni haitoi povu, chai inabadilika ladha, na vichwa vya bomba huvaa ukoko mweupe. Maji ya kunywa na kupikia unanunua kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa wachuuzi wa mikokoteni. Yule anayetuletea sisi ni mzee anayejua ratiba ya mfereji kuliko yeyote. Hupita alfajiri akinadi mlangoni, "Mwanangu, jaza leo, kesho hakuna!" Nami namwambia, "Shikamoo baba, nitilie mitungi minne." Sijamwona akikosea. Ukienda kuangalia nyumba, usitosheke na dalali akikwambia maji yapo. Fungua mfereji mwenyewe, onja, panda juu utazame tangi, kisha umuulize jirani wa chini, maana yeye hana cha kukuuzia.

Stima nayo ina hesabu yake. Bei za uniti ni moja nchi nzima, lakini hupanda kulingana na matumizi, na mipaka ni uniti 30 na uniti 100 kwa mwezi. Nairobi nilikuwa na taa, kompyuta na pasi. Huku kuna friji, kwa sababu chakula kilichopikwa mchana hakifiki usiku, na kuna feni inayozunguka tangu jioni hadi asubuhi. Anayeongeza kiyoyozi anavuka mpaka wa juu bila kujua, kisha anashangaa tokeni zinayeyuka. Ushauri wangu ni kuchagua nyumba kwa upepo. Madirisha yatazamane pande mbili, na usikubali kukaa ghorofa ya mwisho chini ya bati au zege lililopigwa jua kutwa. Nyumba ya namna hiyo ina kodi ndogo kwa sababu nzuri.

Chakula kinategemea utakula nini. Viazi, kabeji, sukuma na maziwa husafiri kutoka bara, na bei yake inasafiri nayo. Samaki, nazi, muhogo, maembe, mchicha na ndizi ni vya hapa. Anayehamia Mombasa akataka kuendelea kula kama mtu wa Nyandarua atalia kila Jumamosi sokoni. Mimi nanunua soko la Kongowea asubuhi na mapema, na staftahi yangu ni mahamri na mbaazi za nazi kwa mama anayeuza mlango wa pili. Petroli hugharimu shilingi chache pungufu ya Nairobi kwa kuwa inashukia bandarini hapa. Kwa asiye na gari hiyo si hoja, maana nauli ya matatu na tuktuk haishuki kwa shilingi hizo chache.

Kuhusu joto lenyewe, naomba vijana wenzangu wa bara waache kuliwaza kama likizo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Julai unalala na mablanketi mawili. Mombasa mwezi wa Machi joto hupita nyuzi 32 mchana, na usiku halishuki sana, kwa sababu unyevu wa bahari unalishikilia. Unatoka jasho umekaa. Viatu vya ngozi vikifungiwa kabatini wakati wa masika vinaota ukungu wa kijani. Hewa ya chumvi inakula bawaba za milango, kufuli na hata matundu ya kuchajia ya kompyuta ukiiacha wazi karibu na dirisha. Na malaria ipo. Nairobi tulizoea kulala bila chandarua, huku chandarua kinakuja kabla ya kitanda.

Joto lile, hata hivyo, limenipa siku nzuri zaidi ya niliyokuwa nayo. Wenyeji wana utaratibu wa kuishi nalo, na kuufuata ndiko kulikonituliza. Kazi ngumu, ile ya kusawazisha vitabu, naifanya tangu alfajiri hadi saa tano. Saa saba na nane mji unapumua polepole, maduka mengine ya kisiwani yanafungwa, nami nafanya mambo mepesi ya kujibu barua. Baada ya alasiri watu wanatoka. Jioni utawakuta kwenye bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, familia nzimanzima, watoto wakikimbia, muhogo wa kukaanga ukipakwa pilipili na ndimu, kahawa ikimiminwa kwenye vikombe vidogo. Nairobi saa hizo ningekuwa kwenye foleni ya Thika Road. Hayo masaa nimeyapata bure, na kwangu yana thamani kuliko kodi niliyookoa.

Nije sasa kwenye jambo linaloniuma, ambalo sikuliona likitajwa katika swali.

Jirani yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kisauni, mama wa watoto watatu. Mwenye nyumba alipopandisha kodi ya jengo letu, alisema wazi kwamba kuna watu kutoka Nairobi wanaoitafuta nyumba hiyo na wako tayari kulipa. Kwangu nyongeza ile ilikuwa kero ndogo. Kwake ilikuwa karo ya mtoto. Aliniambia bila hasira, tukiwa tumekaa barazani, "Dadangu, nyinyi mwaona rahisi kwa kuwa pesa zenu zatoka kwengine. Sisi kodi yatupanda papa hapa." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu alikuwa amesema kweli tupu.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza tunachodaiwa sisi tunaohama. Kwanza, tusilipe bei ya kwanza. Kijana wa Nairobi akiambiwa kodi fulani analinganisha na Kilimani kule Nairobi, anaona ni zawadi, anatoa hundi ya miezi sita papo hapo. Kesho yake hiyo ndiyo bei ya mtaa. Uliza majirani wanalipa ngapi, na ulipe hiyo. Pili, pesa yako ishuke mtaani: fundi wa Bamburi, mshonaji wa Mtopanga, samaki wa mvuvi badala ya wa barafu wa duka kubwa.

Tatu ni kubwa zaidi, na naliandika nikijua waajiri pia husoma gazeti hili. Ikiwa kazi yangu ya uhasibu inafanyika vizuri kutoka Bamburi, basi inaweza kufanywa vizuri na mtu aliyezaliwa Bamburi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Kila mwaka vinatoa wahitimu wenye uwezo, kisha kampuni za Nairobi zinatangaza nafasi kwa masharti kwamba mwombaji awe Nairobi, wakati wafanyakazi wao wenyewe wanafanya kazi wakiwa Diani, huku Pwani. Kampuni ikiniruhusu mimi kuondoka, imekwisha kukiri kwamba mahali si kikwazo. Iondoe sharti hilo kwenye matangazo yake. Nimeliandika hili kwa wakubwa wangu, na naomba kila msomaji aliyepata ruhusa kama yangu aliandike kwa wa kwake. Mshahara wa Nairobi ukifika Kisauni kwa mikono ya watoto wa Kisauni, yule mwalimu ataipokea nyongeza ya kodi akiwa na mtoto wa kumsaidia.

Kwa anayetaka kuhama mwaka ujao: njoo uishi kwanza mwezi mmoja, na uje Machi. Agosti upepo wa kusi unapunga na mji wote unapendeza, hutajua lolote. Panga chumba Bamburi, Mikindani au Tudor. Ukitaka Likoni, kumbuka kivuko ni bure kwa waendao kwa miguu lakini kina foleni yake asubuhi na jioni. Mtwapa ni nafuu pia, ila iko Kaunti ya Kilifi na barabara yake ina msongamano. Njoo na chandarua, feni nzuri na mitungi mitupu.