Binti unayeingia kikapu cha kulipwa: soma mkataba, linda goti

Wasichana wengi wanaoingia ligi za kulipwa za mpira wa kikapu wamejiandaa kwa ajili ya uwanja tu. Lakini kipaji kikishakupatia ofa, urefu wa safari yako utategemea zaidi karatasi unayosaini na magoti unayotua nayo.

Tuanze na karatasi. Ukitajiwa mshahara, uliza kwanza kama ni kabla ya kodi au baada yake. Kama ni baada ya kodi, mkataba utamke kwamba klabu ndiyo inayolipa kodi na kwamba utapewa cheti cha kuthibitisha. Bila cheti hicho unaweza kudaiwa upya ukirudi nyumbani. Kila malipo yawe na tarehe yake, kwa sababu "kila mwezi" peke yake haimbani mtu. Kisha weka kipengele cha ucheleweshaji: kwa mfano, malipo yakichelewa siku 15 una haki ya kuacha kucheza kwa muda, yakifika siku 30 una haki ya kuondoka na kudai fedha zako zote za msimu. Viongozi wakikwambia hakina haja kwa sababu wao hawachelewi, basi hawatapungukiwa na chochote kikiandikwa.

Vipimo vya afya vinawaponza wengi. Klabu ikupime ndani ya saa 48 au 72 baada ya kufika, na muda huo ukipita ihesabike umefaulu, ili isije baadaye ikasema goti lilikuwa bovu tangu zamani. Usikubali hata zoezi moja kabla ya vipimo, kwani ukiumia siku hizo utabaki unabishana nani alipe. Bima nayo itaje upasuaji pamoja na miezi ya mazoezi ya tiba inayofuata.

Mwishoni mwa mkataba tafuta kifungu kinachopeleka migogoro BAT, baraza la usuluhishi la mpira wa kikapu lenye makao Geneva. Pande mbili zisipokubaliana kwa maandishi kulitumia, haliwezi kusikiliza kesi yako. Klabu ikikaidi uamuzi wake, FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, inaweza kuizuia kusajili wachezaji wapya, na hapo ndipo fedha hupatikana. Wakala naye awe na leseni ya FIBA na ada yake isizidi asilimia 10 ya mshahara. Anayedai fedha kabla hujapata timu, achana naye.

Sasa goti. Wanawake huchanika kano ya mbele iliyo ndani ya goti (ACL) mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na kwa kawaida hakuna aliyewagusa: ni kutua baada ya ribaundi, au kusimama ghafla na kugeuka. Jirekodi kwa simu kutoka mbele ukiruka na kutua. Magoti yakiingia ndani na kukaribiana, au ukitua miguu imenyooka, hilo ndilo la kurekebisha kabla ya mtupo wako. Tua kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa na yameelekea vidole vya miguu. Imarisha misuli ya nyuma ya paja na ya makalio, na fanya mazoezi ya kuruka na kutua angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima. Wengi huyaacha mechi zikianza, wakati ndipo mwili umechoka na hatari imeongezeka. Ukifanyiwa upasuaji wa kano hiyo, usirudi uwanjani kabla ya miezi 9, na hata hapo mguu ulioumia uwe umefikia angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake.

Video ya kuombea kazi: dakika 3 hadi 5 za matukio bora, na mechi mbili kamili. Kocha makini hufungua mechi kamili, atazame unavyolinda na unavyokimbia usipokuwa na mpira. Kama umezoea kucheza na wavulana kwa mpira namba 7, hamia namba 6 mapema. Ni mwepesi na mdogo kidogo, na mtupo wako utazidi urefu mpaka mkono uuzoee.

La mwisho linaonewa haya bila sababu. Hedhi ikikatika wakati mazoezi ni mazito, mara nyingi ni kwamba chakula hakitoshi kwa kazi unayofanya, na mifupa hudhoofika hadi kupata nyufa za muundi au za mguu. Mweleze daktari wa timu mapema; usisubiri mwezi wa tatu.