Mnaniuliza Nigeria kukoje, haya leo nawajibu wote

Haya jamani, tangu nirudi kutoka likizo Tanga maswali hayaishi. Kuna mdogo wangu mmoja (sikutaji, unajijua) anataka kuja Lagos kufanya biashara ya nguo, shangazi zangu kila wakipiga simu wanauliza kama wanaume wa huku kweli ndo kama wale wa kwenye filamu, na baba mdogo yeye anataka siasa tu, "hivi huyo Tinubu wenyewe wanamuonaje". Nimeona nijibu kwa mkupuo maana bando nalo ni hela. Naongea ninayoyaona mimi, nimeolewa na Myoruba, naishi Lagos upande wa bara, siyo kule visiwani kwa wenye nazo, nipo tangu 2019. Nchi yenyewe ina majimbo 36 ukiacha Abuja, Kano sijawahi kutia mguu, kwa hiyo mtu wa kaskazini akisema nimekosea simbishii.

Tuanze na hela maana najua hapo ndo masikio yalipo. 2022 nilipata kazi ya uhasibu kwenye kampuni moja ya wenyeji, naira 400,000 kwa mwezi. Kwa bei ya benki siku zile naira 1 ilikuwa kama shilingi 5 zetu, nikapiga hesabu kichwani nikaona milioni 2, nikajiona nimeshatoka kimaisha, ingawa ukienda kwa wabadilishaji wa mtaani hupati hata nne lakini hilo sikulisema kwenye grupu la familia, naungama leo. Sasa Mei 29, 2023 Tinubu anaapishwa kuwa rais, katikati ya hotuba akasema ruzuku ya mafuta imekwisha, hivyo tu, na jioni ile ile foleni vituoni zilikuwa hazina mwisho. Petroli ilikuwa chini ya naira 200 kwa lita, siku chache tu ikawa karibu 500, Julai ikapita 600, mwisho wa 2024 tunanunua kwa zaidi ya elfu. Juni hiyo hiyo wakaiachia naira, dola iliyokuwa 460 benki mwaka uliofuata ikawa 1,500 na zaidi. Mimi mshahara waliniongeza mara moja, ukafika 450,000, nikashukuru Mungu, halafu nikaupiga kwa shilingi nikaona laki saba na ushee. Yaani nimepandishwa mshahara nikawa maskini zaidi! Na mimi nina afadhali, kima cha chini walikitoa 30,000 wakakipeleka 70,000 Julai 2024 wakati gunia la mchele la kilo 50 peke yake lilikuwa linazidi hiyo.

Kwa hiyo mdogo wangu, usije huku kutafuta naira. Ukija njoo na dola zako kidogo ununue mzigo, soko la Balogun kuna lesi na vitambaa mpaka kichwa kinauma, viatu vya Aba vinavyoshonwa na Waigbo wa kusini mashariki ni vizuri na sasa hivi kwa mwenye dola ni bei ya kutupa, ila ankara angalia, nyingi zinatoka China kama hizo hizo za Kariakoo, usije ukasafiri kununua kitu ulichokiacha kwenu. Na dalali wa chumba atakuambia ulipe kodi ya mwaka mzima, wengine wanataka miwili, juu yake asilimia kumi ya dalali, asilimia kumi ya kuandikiana mkataba, hela ya tahadhari. Sheria ya Lagos ya 2011 inakataza kumdai mpangaji mpya zaidi ya mwaka mmoja, mwonyeshe dalali hiyo sheria uone atakavyocheka.

Sasa jambo ambalo mgeni halioni mpaka akae, na mimi nadhani ukilielewa hili umewaelewa Wanaijeria: huku kila nyumba ni serikali. Sitanii. Maji tumechimba kisima wenyewe, pampu yetu, tenki letu. Umeme tuna jenereta, na juzi juzi tumeweka sola kwa mkopo. Usalama, mtaa unachanga na kuna geti linafungwa usiku, mlinzi tunamlipa sisi. Barabara yetu ikiharibika wapangaji wanachanga kifusi. Shule ya serikali mwenye hata kahela kadogo hapeleki mtoto. Sasa nyie mkikatiwa umeme masaa manne mnaitukana Tanesco mtandaoni mpaka mameneja wanatoa tangazo la kuomba radhi, huku umeme ukikatika hakuna anayeshangaa, ukirudi ndo watoto mtaa mzima wanapiga ukelele "Up NEPA!", yaani Tanesco yao, na hiyo NEPA yenyewe haipo siku nyingi, waliibadilisha jina halafu 2013 wakauzia kampuni binafsi, lakini watoto waliozaliwa baada ya hapo bado wanaishangilia kama marehemu aliyefufuka. 2024 gridi ya taifa ilianguka mara kadhaa, nchi nzima giza, na sisi mtaani tulijua kwa kuchelewa maana jenereta zilikuwa zinaunguruma kama kawaida. Ndo maana ile ruzuku iliuma hivyo. Kwetu petroli ikipanda unafikiria nauli, huku petroli ndo taa, ndo friji, ndo maji yanayopanda kwenye tenki, ndo kinyozi, ndo fundi cherehani. Na Aprili 2024 wale wanaoahidiwa umeme wa masaa 20 kwa siku wakapandishiwa mpaka naira 225 kwa uniti. Jirani yangu alikwenda kuomba ashushwe daraja apate umeme mchache, yaani mtu anaomba giza.

Baba mdogo, siasa sasa. Kabla ya kura ya 2023 palikuwa na kisa cha noti mpya, wakabadilisha ya 200, ya 500 na ya 1,000, za zamani zikakusanywa na mpya hazikuonekana. Wiki kadhaa nchi ya watu zaidi ya milioni 200 haina hela mkononi. Nilikuwa nanunua hela kwa hela, namtumia wakala 12,000 kwenye akaunti ananipa 10,000 taslimu, na ananipa kwa masimango. Huku hawana mambo ya M-Pesa kama sisi, wao ni akaunti ya benki moja kwa moja, hata muuza nyanya atakutajia namba yake tarakimu kumi bila kuangalia popote, sasa siku hizo mitandao ya benki nayo ikazidiwa, mama muuza nyanya anakataa kunipa nyanya mpaka meseji iingie, tumekaa wote tunaitazama simu yake, jua linatuwakia.

Kwenye hali hiyo ndo watu wakaenda kupiga kura Februari 25. Mume wangu alitoka asubuhi akarudi usiku. Tume ilikuwa imeahidi matokeo ya kila kituo yataonekana mtandaoni siku ile ile, ya urais hayakuonekana, na hapo ndo imani iliponyongwa, hasa kwa vijana waliokuwa na Peter Obi, mgombea wa upinzani. Waliojiandikisha ni milioni 93, waliokwenda hawakufika hata thelathini katika mia, Tinubu akashinda kwa kura milioni 8 na laki kadhaa. Na Lagos, nyumbani kwake, jimbo alilolitawala miaka minane, Obi akalichukua. Watu kwetu wanashangaa kwa nini wachache hivyo wanapiga kura. Mimi sishangai tena. Kama maji ni yako, umeme ni wako, mlinzi ni wako, rais unamchagua afanye nini? Mtu anaona bora hiyo siku acheze mpira barabarani, magari hayaruhusiwi kupita.

Mama mkwe kura alipiga. Yeye wa Abeokuta, jimbo la Ogun, na hapo Abeokuta ndo Tinubu mwaka 2022 alisema yale maneno yake ya Kiyoruba, "emi lokan", ni zamu yangu, watu wakayaandika mpaka kwenye fulana. Maana huku kuna kanuni isiyoandikwa kwamba kaskazini wakikaa Ikulu na kusini wakae. Mama mkwe, Myoruba kama Tinubu, maneno hayo alikuwa anayaimba kabisa. Mwaka jana nimekaa naye jikoni anapima gari, huo unga wa muhogo uliokaangwa, anapima kwa kikombe cha chai badala ya bakuli, nikamuuliza mama, na zamu yetu vipi? Akanijibu "mtoto ni wetu, njaa nayo ni yetu". Nilikoma kumuuliza.

Ila kitu kimoja nawaonea wivu. Wanasema. Ndani ya danfo, hizo daladala zao za njano, rais anatukanwa kutoka kituo cha kwanza mpaka cha mwisho, konda anachangia, abiria mwenye suti anachangia, polisi amekaa siti ya mbele anacheka. Agosti 2024 watu waliandamana kwa ajili ya njaa na walikuwa wanasema hivyo hivyo, njaa inatuua, bila kutafuta maneno ya kiofisi. Simaanishi hawakamatwi, wanakamatwa, ipo sheria ya mitandao inawasumbua waandishi kila leo, na Oktoba 20, 2020 vijana waliokuwa wanaandamana kupinga ukatili wa polisi walipigwa risasi Lekki pale kwenye geti la kulipia barabara, nilikuwa mjamzito, sikulala. Lakini kesho yake bado wanasema. Sisi tukitaka kumtaja mkubwa tunaangalia kwanza nani kakaa nyuma yetu.

Kinachonishinda ni ukabila. Siyo ule wa utani wa Mpare na Mchaga. Huku kila fomu, ya shule, ya kazi, ya hospitali, inauliza jimbo lako la asili, na jimbo la asili siyo ulipozaliwa, ni la baba yako. Wanangu wamezaliwa Lagos, Ogun wanaijua kwa misiba na sikukuu, lakini ni watoto wa Ogun. Jirani yangu Mwigbo, mzee wa miaka sabini na kitu, ameishi Lagos tangu kijana, amejenga, amezika mke hapa, na uchaguzi wa gavana ulipokuja Machi 18, 2023 vijana wakapita mtaani wanatangaza kwamba asiye wa hapa asitoke kupiga kura. Hakutoka. Nilimpelekea chai, nikamkuta amekaa kwenye kochi na shati limepigwa pasi, alikuwa ameshajiandaa. Hata kuhesabiana hawawezi, sensa ya mwisho ni ya 2006, kwa sababu idadi ndo mgao wa hela na viti vya bunge, kila upande unahofia mwingine utatia chumvi.

Mzee huyo huyo nilipohamia alikuwa hanisalimii, akidhani mimi Myoruba wa sehemu nyingine. Siku aliposikia natoka Tanzania alisimama! Akanishika mikono miwili, akasema "Nyerere". Mimi shuleni sikufundishwa, au nilisinzia: Aprili 13, 1968, vita vya Biafra, ile sehemu ya Waigbo iliyojitenga na Nigeria, vimepamba moto, Tanzania ndo ikawa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Yeye alikuwa kijana mdogo, kijijini walipata habari redioni, anasema watu walilia. Vita vilipoisha Januari 1970, mtu wa kwao aliyekuwa na akiba benki alipewa pauni 20 tu, awe ameweka kiasi gani. Baba yake alikuwa mmoja wao. Tangu siku hiyo kila Krismasi naletewa kuku hai, na mimi sina nilichofanya, nakula kuku wa Mwalimu.

Shangazi zangu shikamooni, nimewaweka mwisho mnisamehe. Wanaume wa huku ni wanaume tu. Wa kwangu anaosha vyombo mama yake akiwa hayupo. Juju na mapasta wa mafuta wapo, na mkesha wa kanisa jirani una spika nne zinatazama chumba chetu cha kulala, lakini pia wapo watu wanaoamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni ya daraja la kwenda visiwani na kurudi saa nne usiku, hao filamu hazina habari nao. Matapeli wapo, na wanaolizwa zaidi ni Wanaijeria wenyewe. Sherehe mtazipenda, sare kila harusi, na kutunza kwenyewe ni taarabu tupu, noti zinamwagwa kichwani kwa bi harusi, ingawa ni kosa kisheria kuichezea naira hivyo, 2024 Bobrisky, mtu maarufu wa mitandaoni, alifungwa miezi sita kwa jambo hilo na wikendi iliyofuata mimi mwenyewe niliokota noti sakafuni. Tofauti na kwetu ni kwamba hakuna kadi ya mchango, ila sare hiyo unauziwa kwa bei ambayo mchango umo ndani yake. Chakula msihofu, amala ni ugali kama bada ya Tanga, nyeusi vile vile. Na ukijikwaa barabarani mtu usiyemjua anakuambia "sorry o", ndo pole yetu hiyo, haimaanishi yeye ndiye aliyekukwaza, mara ya kwanza nilikaribia kulia.

Kuhusu kurudi, hilo swali la kila simu. Shemeji zangu wawili wameshaondoka, mmoja Canada mmoja Uingereza, huku wanaita kujapa. Mume wangu tulipokuwa Tanga siku ya nne hivi aliniuliza jenereta la nyumbani liko wapi, mbona hajalisikia. Tangu hapo anauliza bei za viwanja Pongwe. Nikamwambia kiwanja kitaandikwa jina langu, maana kwetu mgeni hamiliki ardhi hivi hivi, hata kama mkewe na wanawe ni wa hapo. Akakaa kimya, halafu akauliza, kwa hiyo mimi kwenu nitakuwa kama yule mzee hapa? Sikuwa na jibu, nikamwambia tutaongea umeme ukirudi.