Theluthi mbili ya nani? Kwa wanagenzi wapya wa dawati la Bunge

Nimemaliza kusoma rasimu zenu za uchambuzi wa miswada. Mnaandika vizuri kuliko nilivyoandika mimi nikiwa mwanagenzi, na hilo nalisema kwa dhati kabla sijaanza kulalamika. Sasa naanza. Mmoja wenu ameandika kwamba mswada "umepita Bungeni, kwa hivyo ni sheria". Wa pili anasema Seneti, ile nyumba ya Bunge inayowakilisha kaunti, "itajadili tu, kama kawaida yake". Wa tatu anatangaza kwamba Bunge ndilo lenye kauli ya mwisho nchini. Ndugu yangu wa tatu, hiyo ni hadithi ya Westminster, bunge la Uingereza. Sisi Wakenya tuna Katiba ya 2010.

1. Msirukie Ibara ya 93, inayoanzisha Bunge, kabla ya kusoma ya 1 na ya 2. Mamlaka yote ni ya wananchi. Bunge limekabidhiwa sehemu tu, tena kwa masharti. Sheria yoyote inayokinzana na Katiba ni batili, hata kama wabunge waliipigia kura wakiwa wamesimama na kuimba. Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliibatilisha Sheria ya CDF ya 2013, yaani ya mfuko wa maendeleo ya maeneobunge. Muulizeni mbunge yeyote CDF ina maana gani kwake, halafu mniambie tena habari ya kauli ya mwisho. Mahakama iliona sheria hiyo inavuruga mgawanyo wa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, na pia mgawanyo wa madaraka. Anayetunga sheria na kuikagua serikali hawezi kuwa pia msimamizi wa ujenzi wa madarasa.

2. Ushiriki wa umma, Ibara ya 118. Wekeni nakala ya kila tangazo la kamati, na tarehe yake. Basi.

3. Kila mkiona "theluthi mbili", ulizeni: ya nani? Hili niliapa sitalisimulia tena, lakini rasimu zenu zimenilazimisha.

Ilikuwa 2016. Mswada wa kubadilisha Katiba kuhusu theluthi mbili ya kijinsia, yaani jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge, ulikuwa unasubiri kura katika Bunge la Taifa, na ofisi niliyokuwa nafanyia kazi iliutaka upite kwa udi na uvumba. Bosi akaniomba ukurasa mmoja tu: zinahitajika kura ngapi? Nikafungua Ibara ya 122, nikakuta maneno ya wengi wa waliohudhuria na kupiga kura. Nikakumbuka kwa mbali kwamba kubadilisha Katiba kunataka theluthi mbili. Nikaviunga viwili hivyo: theluthi mbili ya waliohudhuria na kupiga kura. Ilisomeka vizuri mno. Nikaweka hata jedwali. Wakipiga kura 200, tunahitaji 134. Wakipiga 240, tunahitaji 160. Kwa hesabu yangu, kadiri ukumbi ulivyokuwa mtupu ndivyo kazi yetu ilivyokuwa rahisi!

Na ofisi ikaniamini. Simu zote zikaenda kwa wabunge waliotangaza kupinga, tukiwabembeleza angalau wasipige kura. Wale wasiojali, wenye safari, wenye mazishi kijijini, wenye mikutano isiyoisha, hakuna aliyewatafuta. Tuliwakimbilia wapinzani tukawaacha watoro, na watoro ndio waliotumaliza.

Siku ya kura nilikaa mbele ya runinga, tamko la kulipongeza Bunge likiwa tayari kwenye kompyuta. Ndiyo zikawa 195. Waliosema hapana walikuwa wachache mno. Sikusubiri Spika amalize sentensi, nikalituma kwa kila mhariri niliyekuwa na anwani yake. Nilipoinua macho tena, Spika alikuwa anaeleza kwamba mswada haukufikisha idadi inayotakiwa. Simu ya kwanza ilitoka kwa mhariri mmoja mpole aliyeuliza, "Samahani, mnapongeza nini hasa?" Zilizofuata hazikuwa na upole huo.

Bosi hakunifokea, na afadhali angefoka. Alifungua Ibara ya 256, akaiweka mbele yangu na kuondoka. Theluthi mbili ya wabunge wote. Wote! Bunge la Taifa lina 290 wa maeneobunge, 47 wawakilishi wanawake wa kaunti na 12 wa kuteuliwa. Jumla 349, na Spika hana kura. Theluthi mbili yake ni 233. Aliyelala nyumbani anahesabiwa, aliye ng'ambo anahesabiwa, aliye kantini akinywa chai anahesabiwa, na kila mmoja wao ni sawa na hapana. Hata ile Ibara ya 122 niliyoishikilia inaanza kwa kusema kwamba ni hivyo isipokuwa Katiba iseme vinginevyo. Maneno hayo nilikuwa nimeyaruka kama mtu anavyoruka salamu za ufunguzi.

Kura ilirudiwa baada ya siku chache. Safari hii nilipewa orodha ya watoro niwatafute mmoja mmoja, adhabu ya haki kabisa. Zikapatikana 178.

Kwa hivyo msinishangae nikizungushia duara jekundu kila "theluthi mbili" iliyobaki peke yake kwenye rasimu. Mswada wa kawaida unahitaji wengi wa waliopo na kupiga kura, na akidi ya Bunge la Taifa, yaani idadi ya chini ya kuendesha kikao, ni wabunge 50; wakipiga kura hao 50 peke yao, 26 wanatosha kuupitisha. Hoja ya Bunge la Taifa ya kumng'oa naibu wa rais inarudi kwenye 233 ileile: Oktoba 2024 walihitaji hizo, wakapata 281. Na kama mabadiliko ya Katiba yanagusa mambo ya Ibara ya 255, mfano kazi za Bunge lenyewe au muhula wa Rais, hata 349 wote wakisema ndiyo, bado lazima twende kwenye kura ya maoni.

4. Seneti. Aliyeandika "itajadili tu" aketi karibu. Kabla nyumba yoyote haijaanza kuushughulikia mswada, Ibara ya 110 inawataka Maspika wawili waamue kwa pamoja kama kuna swali iwapo unahusu kaunti. Bunge la Taifa halipendi kuuliza. Novemba 2013 Mahakama ya Juu ililieleza, kwenye ule mvutano wa Mswada wa Ugavi wa Mapato kati ya serikali kuu na kaunti, kwamba Seneti ilikuwa na nafasi yake. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ikabatilisha sheria 23 zilizopitishwa bila Seneti kuhusishwa. Rufaa zilifuata, ndiyo, lakini fikirieni aliyekuwa ameshauri wateja wake kwa kutegemea sheria hizo.

Jambo dogo: maseneta ni 67 bila Spika, ila mswada unaohusu kaunti hupigiwa kura kwa ujumbe wa kaunti, kura moja kila kaunti. Hesabuni 47. Nimeona jedwali la 67 kwenye rasimu, sitaji jina.

5. "Umepita, kwa hivyo ni sheria." Juni 25, 2024 Mswada wa Fedha ulipita, na waandamanaji wakaingia majengo ya Bunge siku hiyohiyo. Kesho yake Rais akakataa kutia sahihi, akaurudisha akitaka vifungu vyote viondolewe. Ibara ya 115 inampa siku 14 za kuamua. Akiurudisha, Bunge likitaka kumpuuza linahitaji theluthi mbili. Ya nani? Ibara ipo, fungueni.

Na hata sahihi ikishatiwa, sheria huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi ndani ya siku saba, na huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa isipokuwa yenyewe itaje siku nyingine. Ikiwapa wabunge faida ya moja kwa moja ya kifedha, inasubiri hadi baada ya uchaguzi mkuu unaofuata. Aliyeandika "itaanza kutumika mara moja" anionyeshe kifungu kinachosema hivyo ndani ya mswada wenyewe, au afute. Rasimu zote zirudi kwangu Ijumaa kabla ya saa sita.