Faili langu lipo kwenye folda, seva hailitaki

SWALI: Habari za kazi fundi. Natunza seva ya shule, ni Ubuntu, tumeikodi klaudi. Zamani nilikuwa nabadilisha setingi za ssh (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) mulemule kwenye /etc/ssh/sshd_config, sasa kila nikiapgredi inaniuliza niweke ya kwao au nibaki na yangu, siku moja nikachagua ya kwao vitu vyangu vyote vikaondoka. Nikashauriwa niwe na faili langu pembeni, nikatengeneza 99-shule.conf ndani ya sshd_config.d nikaandika PasswordAuthentication no, nikarestati, lakini mtu bado anaingia kwa pasiwedi! Na nyingine mafundi.conf niliyoiweka sudoers.d (folda ya sudo, inayompa mtu ruhusa ya kuendesha amri za msimamizi) ili vijana wa maabara waweze kurestati printa, hiyo ndo haifanyi kitu kabisa. Nakosea wapi? – Mwalimu, Iringa

JIBU: Pole sana Mwalimu. Aliyekwambia uweke faili pembeni kakushauri vizuri, maana faili la paketi (programu inayokuja na mfumo) mwenyewe ni aliyeitengeneza, akileta toleo jipya lazima mgongane, ila la pembeni hakuna anayeligusa. (Hivyo vilivyoondoka, angalia /etc/ssh kama kuna sshd_config.ucf-old, huenda vimebaki humo.) Kilichokuangusha ni majina.

Tuanze na ssh. Mafaili ya folda ile yanasomwa kwa mpangilio wa majina, na sshd (programu ya seva inayopokea wanaoingia kwa ssh) inashika thamani ya kwanza inayokutana nayo, ikija nyingine baadaye inaipita tu. Sasa piga ls hapo (amri ya kuorodhesha mafaili), kwa seva ya klaudi naamini utakuta 50-cloud-init.conf, linaloandikwa na programu inayoandaa seva ya klaudi, lifungue kwa sudo uone kama halina mstari wa PasswordAuthentication yes. 50 inasomwa kabla ya 99, kwahiyo no yako inafika imekuta yes imeshakaa kitini. Wengi wanaangukia hapa kwasababu kwenye sysctl.d (folda ya setingi za kernel, kiini cha mfumo) mambo ni kinyume, kule anayekuja mwisho ndo anashinda, mtu akishazoea kuandika 99 anaibeba kila mahali. Liite 10-shule.conf. Na tumia tarakimu mbili siku zote, maana ukiandika 9-shule litasomwa baada ya 50, kompyuta inalinganisha herufi moja moja, haihesabu kama sisi.

Upande wa sudo ni nukta. Kwenye sudoers.d faili lolote lenye nukta kwenye jina linarukwa, na lenye ~ mwishoni pia, kwasababu majina ya hivyo huwa ni mabaki ya editor au ya apgredi, na haifai mabaki yakampa mtu ruhusa ya root, msimamizi mkuu wa mashine. Inaruka kimyakimya, hata era hupati. Angalia sasa: sshd_config.d inataka .conf, bila hiyo haisomi, jirani yake sudoers.d ukiweka .conf ndo umejifukuza! Cron.d (folda ya kazi zinazojiendesha kwa ratiba) ya Debian na Ubuntu nayo haitaki nukta. Mimi hili linaniuma kwelikweli, watu wanamaliza usiku mzima wanakagua yaliyomo ndani ya faili wakati halijafunguliwa hata mara moja.

Ila usikimbilie kulibadili jina, faili hilo halijawahi kusomwa, likiwa na kosa ndani sudo inaweza kukusumbua. Anza na sudo visudo -cf /etc/sudoers.d/mafundi.conf, inayokagua tu bila kubadili kitu, ikisema sawa ndo uliite mafundi, bila nukta.

Kwa ssh iulize seva yenyewe imeshika nini: sudo sshd -T | grep -i passwordauth, hapo unapata jibu la mwisho baada ya mafaili yote kusomwa. Ikijibu no restati, lakini kabla ya hapo hakikisha ufunguo wako wa ssh (faili linalokuingiza bila pasiwedi) unaingia, na dirisha ulilonalo usilifunge, fungua la pili ujaribu kuingia, likikubali ndo ufunge la kwanza.