Usiisome Riwaya ya Kale kwa Kalamu Nyekundu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba ameiacha The War of the Worlds, riwaya ya viumbe wa sayari ya Mirihi wanaoivamia Uingereza, katika sura ya tatu, kwa sababu kila mtoto wa shule anajua kuwa Mirihi haina watu. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa maneno hayo hayo niliwahi kuyaandika mimi, tena kwa majivuno.

Miaka kadhaa iliyopita niliuandika uhakiki wa riwaya hiyo ya Mwingereza H. G. Wells, iliyotoka kama kitabu mwaka 1898. Niliisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, kama mwalimu anayesahihisha insha. Wamirihi wanafyatuliwa kuja duniani kama risasi za mzinga, jambo ambalo lingewaponda kabla hawajaondoka kwao, nikapiga mstari. Chombo cha angani cha Mariner 4 kilipiga picha za Mirihi mwaka 1965, zikaonyesha makovu ya vimondo kwenye ardhi kavu. Nikaona kesi imekwisha. Niliusoma uhakiki huo mbele ya wapenzi wa vitabu wenzangu, nikingoja sifa, na mzee mmoja akauliza swali moja tu: "Na Watasmania umewaweka wapi, kijana wangu?" Sikujua anazungumzia nini. Watu waliangua kicheko ambacho, nakiri, hadi leo kinaniwasha.

Watasmania wamo katika sura ya kwanza kabisa, ile niliyoipitia juu juu nikidhani ni maelezo ya sayari tu. Wells anawataka wasomaji wake, kabla ya kuwalaani Wamirihi, wakumbuke jinsi wahamiaji kutoka Ulaya walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania, kisiwa kilicho kusini mwa Australia, katika muda wa miaka 50. Ukishayasoma maneno hayo, Uingereza yenye himaya kubwa inageuka kuwa windo, na hapo ndipo kisa kizima kinapoanza kuuma. Msomaji wa leo ana la kumsahihisha pia, maana Wells anaandika kana kwamba watu hao walifutika kabisa, ilhali wazao wao wangali hai. Hilo ndilo kosa lililostahili wino wangu, nami sikuliona.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usimuulize mwandishi wa kale alijua nini, muulize aliogopa nini. Sura ya kwanza isome mara mbili. Narudia, usiiruke sura ya kwanza, kwani tumezoea mno kudhani kwamba kuzaliwa baadaye ni sawa na kuwa na akili zaidi, na kiburi hicho kinatupofusha.

Mtazame Henderson, mwanahabari katika riwaya hiyo anayepeleka London telegramu kuhusu silinda iliyoanguka, ile iliyowabeba Wamirihi. Gazeti lake linashuku, linamtumia telegramu kuomba uthibitisho, halipati jibu, nalo linaamua kutochapisha toleo maalumu. Hakujibu kwa sababu alikuwa ameshauawa. Zamani niliona hapo uzembe wa karne ya 19 tu. Sasa, nikiwa na simu inayoniletea habari mia kabla sijanawa uso, namwonea wivu mhariri aliyeweza kusema tungoje, na papo hapo naona jinsi kungoja kwake kulivyowaacha watu wakilala wasijue lolote.

Nakala yangu ya siku zile ninayo bado. Kurasa zimejaa wino mwekundu, isipokuwa pambizo za sura ya kwanza, ambazo ni nyeupe kabisa.